Difu Ndani ya Gunia

Kashikishi, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, mtu anayetafuta gari la kubebea samaki haulizi kwanza linakula mafuta kiasi gani. Anauliza kama linatoka mchangani. Mitumbwi inashusha ufukweni, lami ya kwenda Mansa iko huko juu, na kati ya viwili hivyo kuna mchanga unaomeza mguu hadi kwenye kifundo. Mvua zikianza, mchanga unapokezana na tope. Chisense, ambaye ni ndugu wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, akishakaushwa juani ana subira. Pale, samaki wa jamii ya perege anayependwa sana huko, hana subira. Barafu inayeyuka gari likiwa limekwama, na bei inayeyuka nayo.

Ninasoma uhandisi mitambo Dar es Salaam, mwaka wa tatu. Kwetu ni Tunduma. Mjomba wangu alivuka mpaka wa Nakonde kabla sijazaliwa, akafuata biashara ya samaki hadi mkoa wa Luapula, na biashara ilipomchosha akarudia ufundi aliojifunza ujanani. Gereji yake iko kando ya barabara inayounganisha Nchelenge na Kashikishi, miji miwili ambayo kwa macho ya mgeni imekwisha kuwa mmoja. Hapo Kibemba ndicho mwenyeji, lakini Kiswahili hakikosekani, maana Kongo iko ng'ambo ya maji na vijana wawili wa gereji wametoka Pweto. Kiswahili chao na changu vinasalimiana kwa tahadhari: wao wanasema "fasi", mimi nasema "mahali", na spana inabaki spana. Mjomba ananiita "mama" kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Siku za mwanzo vijana walishangaa kusikia mzee mwenye mvi akimwambia msichana, "Mama, nishikie tochi."

Likizo ndefu ya mwaka jana nilikuta hapo gari ambalo mjomba analiita Makande. Chesisi ni ya Toyota Hilux ya zamani, kebini ni ya Hilux nyingine yenye rangi tofauti, injini ya dizeli ya 2L ilitoka kwenye Hiace, na bodi ya nyuma ni vyuma vya pembe na mbao vilivyochomelewa hapo hapo chini ya mwembe. Uingereza gari la kuunga lina heshima yake. Colin Chapman alianza kuuza Lotus Seven mwaka 1957 likiwa vipande, mnunuzi analiunga mwenyewe nyumbani, na sehemu ya mvuto wake ilikuwa kuepuka kodi iliyotozwa magari yaliyokamilika. Hadi leo wapo watu kule wanaokesha wakilinganisha difu ya Ford Sierra na shafti za kulia na kushoto, kisha na breki za disiki za nyuma. Wao lakini wananunua kifurushi chenye kitabu cha maelekezo. Vipande vya Makande vilikuja kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa na historia ambayo muuzaji hakuisema.

Mwenye Makande ni mama mfanyabiashara. Wote tulimwita bamayo, kama ilivyo heshima ya huko. Asubuhi moja alifika na gunia, akamwomba kijana alishushe taratibu. Ndani mlikuwa na difu iliyotoka Dar es Salaam kupitia Tunduma, mikononi mwa watu watatu au wanne, kila mmoja akiongeza chake. Mwezi huo alikuwa amekwama mara tatu, mara moja usiku kucha, na pale wa siku ile aliishia kuwauza kwa bei ya kutupa. Ameambiwa difu hii inasukuma matairi yote mawili. Anataka ifungwe. Fedha aliyokuwa nayo ilitosha kuifunga, basi.

Kwa asiyekaa gereji nieleze kidogo. Difu ya kawaida inaruhusu tairi la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Inafanya hivyo kwa kugawa nguvu ya msokoto sawa kwa sawa, kulia na kushoto, wakati wote. Uadilifu huo ndio ugonjwa wake. Tairi la kushoto likiwa kwenye tope linaloweza kupokea Nyutoni mita 200 tu kabla ya kuteleza, la kulia nalo litapewa 200, hata likiwa limekanyaga mwamba. Injini inanguruma, tairi moja linazunguka kama feni, na gari limetulia pale pale.

Difu ya gunia ni ya aina ambayo mafundi wanaiita kwa herufi zake tatu, LSD. Kampuni ya ZF ya Ujerumani iliitengeneza mwaka 1935 kwa ajili ya magari ya mashindano, ambako tairi kuteleza ni sekunde zilizopotea. Pembeni ya zile gia ndogo za ndani kuna sahani nyembamba zilizopangwa kama sahani za klachi. Injini inaposukuma, sahani zinabanwa, na tairi lililoshika ardhi linapata zaidi ya linaloteleza. Kwa difu ambayo haijachoka, tuseme mara mbili.

Kilichonikalisha chini na penseli ni hendibreki. Kila dereva wa ufukweni anajua: umekwama, vuta hendibreki nusu, kanyaga mafuta polepole. Dereva wa bamayo aliapa kwamba bila hendibreki angekuwa analala ziwani kila wiki. Nikapiga hesabu. Hendibreki inashika matairi yote mawili ya nyuma kwa usawa. Tuseme inashika kwa 300 kila upande. Tairi la topeni sasa linameza 500, yaani 200 za tope na 300 za breki, kwa hiyo difu ya kawaida inapeleka 500 upande wa pili pia. Lakini upande wa pili nao una breki inayokula 300. Zinazofika ardhini ni 200. Zile zile za mwanzo.

Mjomba alisoma karatasi yangu akiwa ameshika kikombe cha chai. Akacheka. "Mama," akasema, "karatasi yako haijawahi kukwama."

Tulibishana siku mbili, na nadhani tulifika mahali pazuri. Karatasi iko sahihi kwa difu isiyo na msuguano wowote, na difu ya namna hiyo haipo. Msuguano mdogo wa gia za ndani unafanya upande ulioshika upate ziada kidogo. Tena, breki inalipunguza mwendo tairi linaloteleza, na tairi linalozunguka polepole linashika vizuri zaidi na halijichimbii kaburi. Ndiyo maana madereva hawadanganyi, ingawa wanachopata ni kidogo kuliko wanavyosimulia. Trekta limeimaliza hadithi hii zamani: lina kanyagio mbili za breki, moja ya kila upande, unakanyaga ya upande unaoteleza peke yake na zile 500 zote zinafika ardhini upande wa pili. Magari mapya yanafanya hivyo hivyo kwa kompyuta ya breki.

Sasa weka LSD kwenye hesabu ile ile. Bila hendibreki, tairi la topeni linapokea 200 na lenzake 400. Ukivuta hendibreki, la topeni linameza 500, upande wa pili unapelekewa 1,000, breki inakula 300, ardhini zinafika 700. Ujanja ambao kwenye difu ya zamani ulikuwa nusu imani, kwenye difu mpya unakuwa nguvu kwelikweli. Na dereva ambaye mkono wake umezoea kuvuta hendibreki hatauacha mkono huo nyumbani eti kwa sababu difu imebadilishwa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu nguvu hizo lazima zipite mahali.

Zinapita kwenye hafu shafti. Injini hiyo ya 2L tuihesabie Nyutoni mita 160. Gia ya kwanza inazizidisha kama mara 4, na difu ya gunia ilikuwa na meno 43 kwenye krauni na 10 kwenye pinioni, kwa hiyo mara 4.3 tena. Jumla ni kama 2,750. Kwa difu ya kawaida shafti moja haipewi zaidi ya nusu, 1,375. Kwa LSD inayogawa mbili kwa moja, shafti moja inaweza kubebeshwa theluthi mbili, kama 1,830, na tairi lenye mzigo wa kilo 700 juu ya ardhi kavu linaweza kweli kuzishikilia bila kuteleza. Ni theluthi moja zaidi ya ilivyozoea, kwenye chuma kile kile kilichozeeka. Sijagusa mshtuko wa tairi linalozunguka kwa kasi topeni kisha likakutana na jiwe.

Meno ya hafu shafti yaliingia kwenye difu mpya bila shida, 30 kwa 30. Mafundi wengi wanaishia hapo: imeingia, basi imefaa. Uwiano nao ulitofautiana kidogo, kwa kuwa difu ya zamani ilikuwa 41 kwa 10. Kwa gari linalosukuma matairi manne hilo lingekuwa kosa kubwa, maana mbele na nyuma vingevutana, lakini Makande linasukuma nyuma tu, kwa hiyo lingebaki na spidomita yenye majivuno, inayosoma 100 gari likienda 95.

Tulichomoa shafti zote mbili tukazifuta. Meno ya shafti yanatakiwa kunyooka kama mistari ya daftari. Ya kulia yalinyooka. Ya kushoto, ukiyamulika kwa tochi kutoka pembeni, yalikuwa yamesokoteka kidogo kuelekea kwenye ncha. Shafti inaposokotwa na kurudi, imefanya kazi yake. Isiporudi, imeshavuka mpaka, na haitakuambia ni lini itavuka tena.

Kukatika kwenyewe kuna pahali. Kwenye Canter na malori mengine, shafti inazungusha tu. Tairi linabebwa na habu inayokaa juu ya nyumba ya ekseli kwa beringi zake. Shafti ikikatika unatafuta kamba ya kuvutia gari. Kwenye Hilux hii shafti inazungusha na inabeba tairi vilevile. Ikikatika ndani karibu na difu, beringi ya nje inalishikilia tairi na gari linasimama tu. Ikikatika nje, karibu na flanji, tairi linaondoka na dramu yake ya breki. Dramu ikishatoka, breki shuu hazina cha kukutana nacho, na dereva akikanyaga breki pistoni za wili silinda zinachomoka na mafuta ya breki yanamwagika. Masta silinda yenye vyumba viwili inamwachia breki za mbele. Gari lenye matairi matatu na breki za mbele peke yake sitaki kulifikiria likiwa na watu.

Na watu wamo. Kutoka Mbereshi kwenda Kawambwa barabara inapanda ukingo wa bonde la Luapula, na Makande hupanda na samaki kisha hushuka karibu tupu. Bamayo mwenyewe hukaa mbele. Nyuma, juu ya makreti, hukaa wanawake wawili au watatu wanaonunua kwake kwa rejareja.

Tukafungua breki za nyuma. Upande wa kulia sili ya ekseli ilikuwa imechoka, na mafuta ya difu yalikuwa yamelowesha breki shuu hadi zikawa nyeusi. Hilo lilikuwa rahisi kuliona. Kilichotuchukua muda ni vali ya mzigo. Hilux ina vali inayopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu, maana sehemu ya nyuma ikiwa nyepesi matairi yake hujifunga upesi. Inajua uzito kwa kijiti kilichounganishwa na ekseli: mzigo ukiongezeka, chesisi inashuka, kijiti kinasukuma vali, breki za nyuma zinapewa zaidi. Aliyeunga Makande mara ya kwanza aliongeza spring mbili ili libebe zaidi. Chesisi ikawa haishuki tena ipasavyo, vali ikadhani gari ni tupu siku zote, breki za nyuma zikawa dhaifu hata kukiwa na mzigo. Mtu mwingine akaja kulitibu hilo kwa kukifunga kijiti na waya kikiwa kimeinuliwa hadi mwisho. Kuanzia hapo vali ikadhani gari limejaa siku zote.

Gari tupu, mteremko, vali inayoamini kuna mzigo. Breki za nyuma zinajifunga. Kwa difu ya kawaida tairi la kushoto, lenye breki kavu, lingejifunga kwanza, na la kulia, lenye mafuta, lingeendelea kuzunguka na kuuzuia mkia usiende kando. Kwa maneno mengine, ile sili mbovu ndiyo iliyokuwa ikimsaidia dereva bila yeye kujua. LSD inayafunga matairi mawili ya nyuma pamoja kwa kiasi fulani, hata mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, kwa sababu spring za ndani zinaendelea kuzibana sahani. Tuliipima mezani: shafti moja kwenye vaisi, nondo ya mita moja imefungwa kwenye flanji ya nyingine, na mwisho wa nondo tukavuta kwa mizani ya samaki ya bamayo mwenyewe. Ilianza kuzunguka kwenye kilo 5. Hizo ni kama Nyutoni mita 49 kabla injini haijasukuma chochote. Difu ilikuwa hai. Ingemfaa mchangani, na kwenye mteremko ule ingeyavuta matairi yote mawili yajifunge pamoja.

Niliandika orodha ya kazi kwa mpangilio wa kipi kitangulie: sili, breki shuu, wili silinda, kijiti cha vali kipimwe upya kulingana na spring zilizoongezwa, shafti ya kushoto, na mwisho kabisa difu. Gharama ya vitu vitano vya kwanza ilizidi kazi ya kufunga difu mara kadhaa. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu. Kodi ya uwanja ilikuwa inakaribia, na bamayo alikuwa amesema wazi kwamba kuna fundi mwingine aliyemwahidi kuifunga siku hiyo hiyo.

Mazungumzo yalikuwa ya Kibemba na nilielewa nusu. Lakini niliona mjomba akichukua ile shafti ya kushoto, akaifuta tena kwa kitambaa, akamwekea bamayo mapajani, akamshika kidole cha shahada na kukipitisha juu ya meno taratibu, kutoka yalipo manyoofu hadi yalipopinda. Bamayo alirudia mwenyewe mara mbili. Akauliza swali moja, ambalo kijana wa Pweto alinitafsiria baadaye: ikikatika, nani anakuwa ndani ya gari? Mjomba alimtajia, kuanzia yeye mwenyewe.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaanza kupunguza bei, na hapo nikajua amekubali.

Breki zilifanywa mwezi wa 9. Alilipa kwa mafungu, na fungu moja lilikuwa gunia la chisense ambalo mjomba aliligeuza fedha kabla halijafika jikoni. Difu ilirudi kwenye gunia lake, ikawekwa juu ya rafu ya mafuta. Makubaliano yalikuwa ifungwe uvuvi ukishafungwa, kwa kuwa Zambia husimamisha uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari na Makande halina safari za ziwani miezi hiyo.

Kwa muda wa kusubiri nilimpa dereva mbao mbili, koleo, na pampu ya miguu. Nilimwonyesha kupunguza upepo wa matairi ya nyuma kabla ya kuingia mchangani ili tairi litandaze unyayo wake, kisha kuujaza tena akifika kwenye lami. Wiki tatu nilizobaki hapo alikwama mara moja tu, na siku hiyo alikuwa ameona uvivu kupunguza upepo. Kwa maoni yangu bamayo hakuihitaji difu ile kabisa. Mjomba hakubaliani nami. Anasema anayeshindana na barafu hana dakika 20 za kupampu matairi mara mbili kwa siku, na kwamba mimi nahesabu nguvu na kusahau kuhesabu muda. Hoja yake nimeshindwa kuiangusha, ila bado napenda pampu.

Nilirudi Dar es Salaam mwezi wa 10. Katikati ya Januari mjomba alinitumia ujumbe wa sauti. Difu imefungwa, na mafuta yake ni yale yenye dawa ya sahani, kama nilivyomsisitizia. Shafti ya kushoto imepatikana Nakonde, na amenunua nyingine ya akiba. Ameliinua gari nyuma kwa jeki mbili, gia ikiwa huru, akazungusha tairi la kushoto kwa mkono, la kulia likazunguka kwa kulifuata upande ule ule, wakati kwa difu ya zamani lilikuwa likigeuka kinyume. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Kuhusu hendibreki, dereva ameahidi ataiacha gari likiwa mwendoni. Mjomba hakumwamini sana, kwa hiyo ameupaka mshiko wake rangi nyekundu, na kumwambia bamayo kwamba akiona mkono wa dereva unaelekea hapo wakiwa mchangani, aupige kofi.

Uvuvi unafunguliwa tarehe 1 Machi.